Maswali ya Wasomaji: "Wanataka kujua kama ni mdudu mmoja"

Shikamoo mama. Mwanangu alizaliwa njiti, akalazwa. Homa ikampanda, wakaotesha damu maabara: bakteria anayeitwa klebsiela, dawa ya seftriaksoni haimuwezi. Wiki ileile watoto wengine wawili wakapata. Muuguzi akaniambia sampuli zimepelekwa kupimwa vinasaba, wajue kama ni mdudu mmoja. Si wote watatu majibu yamesema klebsiela? Au nilimwambukiza mimi kwa maziwa? Sasa tuko nyumbani, ni mzima.
Mama Njiti, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole, na hongera kwa kurudi naye.

Mimi ni mtu wa maabara, mdudu huyo namjua kwa sura. Kwenye sahani ya kuoteshea anaota madoa makubwa yenye ute. Ukimgusa kwa kitanzi cha waya anavutika kama mlenda. Juu yake tunapanga vidonge vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikimuweza, panabaki duara tupu kuzunguka kidonge. Akiwa sugu, anaota mpaka anakigusa.

Ila sahani haisemi katoka wapi. Klebsiela wawili wasio na undugu wanaweza kutoa majibu yaleyale, maana jeni la usugu, kwetu mara nyingi CTX-M-15, hukaa kwenye kipande cha vinasaba kinachohamia bakteria wengine, hata E. koli. Ndiyo maana husomwa vinasaba vyote. Wakifanana karibu herufi kwa herufi, mdudu anazunguka wodini. Wakitofautiana sana, huenda kila mtoto kapata wake kwa njia yake.

Mwaka 2011, katika hospitali ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, mgonjwa mwenye klebsiela sugu alitengwa, akaruhusiwa Julai. Wiki tatu baadaye akaibuka mwingine. Ungedhani huyu kaja na wake. Vinasaba vikakataa: ni yuleyule, alikuwa akipita kimyakimya matumboni mwa watu wasio na dalili. Wakamkuta kwenye matundu ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa! Wagonjwa 18 walimpata, wakafa 11, na 6 kati ya hao 11 kwa sababu yake.

Kuhusu maziwa, usijibebeshe. Ningekuwa mimi ningeanza na sinki, mipira ya kulishia na mikono yetu wahudumu, kabla ya kufika kwenye titi la mama. Endelea kumnyonyesha.

Jambo moja: mdudu huyu anaweza kubaki tumboni mwa mtoto miezi kadhaa bila kumdhuru. Akilazwa tena, mwonyeshe daktari yale majibu kabla hawajamwanzishia seftriaksoni.