Folda ya Samba isiyodai nywila: ushauri kutoka maabara ya shule, Arua

Walimu ninaowahudumia hapa Arua, Uganda, hawataki habari ya nywila. Mwalimu wa kemia anataka mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la taifa) ya miaka iliyopita, aprinti, aingie darasani. Mpe akaunti yake mwenyewe uone: likizo ikiisha ameshasahau nywila, na simu itakayolia ni yako. Kwa hiyo mafaili ya shule nzima yako kwenye kompyuta moja kuukuu yenye Ubuntu, na yeyote aliyeshika mtandao wa maabara anayasoma bila kuulizwa kitu. Vitabu vya NCDC (kituo cha taifa cha mitaala) vya mtaala ulioanza 2020 tunavipakua mara moja tu, badala ya kila mwalimu kumaliza bando lake.

Programu inayofanya kazi hiyo, ya kugawana mafaili na kompyuta za Windows, ni Samba. Sakinisha kwa `sudo apt install samba`, fungua `/etc/samba/smb.conf`, kisha ongeza mwishoni:

```
[maktaba]
   path = /srv/maktaba
   guest ok = yes
   read only = yes
```

Chini ya `[global]` hakikisha pana `map to guest = bad user`. Kwenye Ubuntu huwa umo tayari. Mstari huo unaiambia Samba kwamba mtu akija na jina isilolijua, impokee kama mgeni. Lakini jina likiwa linajulikana na nywila ikawa siyo, anakataliwa papo hapo. Ndiyo sababu utakuta walimu wote wanapita, isipokuwa yule mmoja ambaye jina analoingilia kwenye laptopu yake limefanana na jina uliloliandikisha kwa `smbpasswd`, amri ya kusajili watumiaji wa Samba.

Endesha `testparm` ikague makosa ya smb.conf, anzisha upya kwa `sudo systemctl restart smbd`, halafu jaribu papo hapo kwenye seva kabla hujagusa Windows:

`smbclient -N //localhost/maktaba -c ls`

Ukijibiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED, achana na smb.conf kwanza. Hapa ndipo watu wengi hupotezea jioni nzima. Mgeni wa Samba huingia kwa jina la `nobody`, na `nobody` lazima aweze kupita kila folda iliyo njiani hadi kwenye mafaili. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za watumiaji ndani ya `/home` hufungwa kwa watu wengine. Ukiiweka folda yako humo, unaweza kuipiga `chmod 777` (ruhusa zote kwa wote) mpaka uchoke. Kizuizi kiko juu yake. Amri ya `namei -l /srv/maktaba` itakuonyesha ruhusa za kila hatua ya njia. Diski ya nje inayojifungua yenyewe chini ya `/media` ina shida hiyohiyo, kwani hufunguliwa kwa ajili ya aliyeketi kwenye kompyuta. Iandike kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazofunguliwa kompyuta inapowaka, na usisahau `nofail`: umeme ukirudi na diski ikagoma, kompyuta iwake hata hivyo.

Sasa Windows. Matoleo ya Enterprise na Education hukataa wageni tangu Windows 10 ya 1709, na Windows 11 ya 24H2 imeiongeza Pro. Tena 24H2 inadai mawasiliano yatiwe sahihi ya kidijitali, jambo ambalo mgeni hawezi. Mafundi wengi watakwambia uzime kinga hiyo kwenye laptopu ya mwalimu. Mimi sikubali. Laptopu hiyo kesho iko kwenye Wi-Fi ya hoteli, nayo itakuwa inaamini seva yoyote itakayojitokeza. Kwa laptopu hizo nimefungua akaunti moja ya wote:

```
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin msomaji
sudo smbpasswd -a msomaji
```

Nywila yake imeandikwa ubaoni, Windows inaikumbuka, na folda ni ileile.

Je, wageni waandike pia? Kwenye maktaba, hapana. Flashi moja yenye kirusi inatosha kufuta kazi ya muhula mzima. Kazi za wanafunzi zina folda yake, `[leta]`, yenye `read only = no` na `force user = nobody`, na folda yenyewe nimeikabidhi kwa `chown nobody:nogroup`. Alama na orodha za karo hazikanyagi huko. Halafu ongeza `hosts allow = 127. 192.168.1.` kulingana na mtandao wako, na kamwe usifungue mlango namba 445, ambao Samba hutumia, kwenye ruta kuelekea intaneti. Kirusi cha WannaCry cha 2017 kilisambaa kwa kupitia huohuo.

La mwisho ni dogo. Seva huenda isijionyeshe yenyewe kwenye orodha ya mtandao ya Windows mpaka usakinishe `wsdd`, programu inayoitangaza. Mimi nimefunga anwani yake kwenye ruta isibadilike, nikaiprinti kwa herufi kubwa, `\\192.168.1.10\maktaba`, na kuibandika kando ya swichi ya taa. Wenye simu wanaandika `smb://192.168.1.10/maktaba`, na video za maabara wanazitazama moja kwa moja kwa VLC.