Kufanya kazi Mombasa siku zikivurugika: panga kwa mahitaji, si kwa saa

Mgeni anayeanza kazi au chuo Mombasa hupenda kubandika ratiba ukutani: saa 2 hadi saa 4 hesabu, saa 4 hadi saa 6 ripoti, na kadhalika. Wiki haiishi kabla haijavunjika. Stima imepotea, maji ya mfereji yametoka usiku wa manane, feri imejaa, mlango wa pili wamefiwa. Wengi hujilaumu kwa uvivu, na lawama hiyo haina msingi. Ratiba ya saa hudhani kwamba saa 3 ya leo itakuwa na stima, mtandao na utulivu uleule wa saa 3 ya jana, na hapa haiwi hivyo. Ipange kazi kwa kile inachokihitaji ndipo ifanyike.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza ni kazi zinazotaka stima na intaneti pamoja: mkutano wa video, kupandisha faili, kujaza fomu za mtandaoni, kupakua masomo. Ya pili ni zinazotaka betri tu, kama kuandika, kusahihisha, au kusoma faili zilizokwisha kupakuliwa. Ya tatu ni za kalamu na kichwa: kujibu maswali ya mitihani iliyopita, kufanya muhtasari, kuchora mpango wa ripoti. Kila safu iwe na kazi tatu zilizo tayari, kila moja ya dakika 25 hadi 40. "Ripoti" haifai kuandikwa pale, maana hutajua uanzie wapi. "Aya mbili za utangulizi wa ripoti" inafaa.

Kanuni ni moja: kikiwepo kitu adimu, kitumie kwa kazi isiyoweza kufanyika bila hicho. Wageni wengi hukosea papo hapo. Stima iko, mtandao uko, naye amekaa ananakili noti kwa mkono. Ikikatika, kazi iliyopaswa kutumwa bado imo kwenye laptopu. Anza na safu ya kwanza kila stima inapokuwepo, hata kama moyo unataka kitu kingine.

Kwa upande wa stima yenyewe, usingoje tokeni zifike yuniti mbili. Nunua zikifika kumi, kwa sababu ujumbe wenye zile tarakimu 20 kuna siku hukawia, na usiku hakuna wa kumwuliza. Namba ya mita ihifadhi kwenye simu. Kama mita mnaishiriki nyumba nzima, kubalianeni mapema nani ananunua na lini; ugomvi wa tokeni hula jioni nzima kuliko giza lenyewe. Stima ikikatika chomoa chaja, nayo ikirudi ngoja dakika tano hadi kumi kabla ya kuchomeka, kwa kuwa vifaa huungua zaidi wakati wa kurudi, umeme unapopanda na kushuka.

Pawabenki ya mAh 20,000 ina kiasi cha wati-saa 74, lakini sehemu hupotea kwa joto na katika kubadilisha volti. Simu ya mAh 5,000 utaijaza karibu mara tatu, wala si nne kama hesabu ya haraka inavyodai. Ukitaka ijaze na laptopu, soma maandishi yake kabla ya kulipa: itoe wati 45 au zaidi kupitia USB-C. Zile za wati 10 au 18 laptopu huzikataa, au hupokea kidogo kuliko inachotumia. Ruta nayo inaweza kuwekewa betri yake ndogo. Linganisha volti zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta na zile za betri, maana ruta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Hata hivyo, mitambo ya mtaani inaweza kuzimika pamoja na nyumba yako, kwa hiyo weka laini ya kampuni nyingine yenye bando la akiba. Mkutano wa video unaweza kula GB 1 kwa saa au zaidi. Zima kamera, utabaki na bando la kutumia kesho.

Saa nzuri ya mji huu haiko ukutani. Mombasa iko kiasi cha nyuzi nne kusini mwa ikweta, hivyo nyakati za swala hazitembei sana: mwaka mzima hupishana nusu saa hadi dakika arobaini hivi tu. Alfajiri ni karibu na saa 11, Adhuhuri kama saa 6 na nusu, Alasiri kati ya saa 9 na robo na saa 10, Magharibi kama saa 12 na nusu. Uwe unaswali au huswali, adhana utaisikia, na mtaa mzima unaifuata. Kati ya Alfajiri na saa 2 asubuhi kuna baridi kidogo, wageni hawajaanza kupiga hodi, na kichwa ni kipya. Hapo weka kazi ngumu kuliko zote. Kati ya Adhuhuri na Alasiri, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto hupita nyuzi 30 na upepo wa feni ni wa moto. Weka safu ya tatu, au lala nusu saa bila aibu. Laptopu nayo huchoka: ikipata joto sana hujipunguzia kasi, kwa hiyo iweke juu ya ubao au meza. Ukiiweka juu ya godoro, matundu yake ya hewa huziba.

Ukikaa Likoni, ng'ambo ya kusini, na kazi iko kisiwani, kuvuka kwa feri kwenyewe ni dakika chache. Kinachobadilika ni kungoja. Vuka kwa miguu, ni bure, kisha panda matatu ng'ambo. Foleni ya magari ni ndefu zaidi, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huzidi. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, njia ya kupandia feri huwa mwinuko mkali na malori hupata taabu. Muda wa feri usiuhesabu kama muda wa kazi. Sikiliza somo ulilorekodi ikiwa umepata nafasi, simu ikiwa ndani ya mfuko.

Siku ya maji ni siku ya maji. Uliza majirani mfereji wa mtaa wenu hutoka lini, na asubuhi hiyo usipange mkutano. Pipa la lita 200 ni mitungi kumi ya lita 20. Mtu anayepika na kufua mwenyewe huweza kumaliza miwili au mitatu kwa siku.

Lililo gumu kuliko yote ni watu. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi na vyumba pande mbili, mlango uliofungwa mchana kutwa huleta maswali. Usijifiche; toa saa wanayoijua. "Shangazi, nina kazi kidogo, nikisikia Alasiri nakuja" hukubaliwa. "Niko bize" huonekana kiburi. Halafu nenda kweli Alasiri, la sivyo mara ya pili hawatakuamini. Msiba hauombewi ruhusa wala hauahirishwi: funga daftari, nenda.

Kabla ya kuinuka, hata kwa hodi ya dakika mbili, andika mstari mmoja wa hatua ifuatayo. Usiandike ulichofanya. "Nimefika ukurasa 43" haikusaidii ukirudi baada ya saa tatu. "Swali la 6: toa uchakavu wa gari asilimia 25, kisha funga mizania" inakurudisha kazini bila kusoma upya. Bila mstari huo, kila ukirudi unaanza tena mwanzo wa sura, na hapo ndipo siku inapopotelea.

Ramadhani hupindua yote haya. Saa nzuri huhamia baada ya daku, na kwa wengine baada ya tarawehe. Alasiri hadi magharibi jiko na barabara vimeshika moto, usitegemee kitu. Ukiweza kuchagua tarehe ya kukabidhi kazi, iombe iwe kabla ya kumi la mwisho. Za safu ya kwanza zitume mapema zaidi, kwa sababu mwezi wa Idi hujulikana jioni ileile unapoandama, na kesho yake ofisi unayoitumia huenda imefungwa.