Madirisha ya Chukwani

Mwanangu,

Waalaykumu ssalaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu kalamu ikiwa mkononi. Unasema nyumba ya Chukwani, hapa Unguja, imekwisha rangi, yamebaki madirisha. Mkeo anataka mapazia mazito ya kijivu yanayoburura sakafuni kama aliyoyaona kwenye picha. Wewe unataka blaindi, zile za vibapa vya alminiamu vinavyofunguka kwa kamba, kama za ofisini kwako. Na mimi, kwa kuwa nimekaa kwenye cherehani ya mapazia tangu wewe hujaanza skuli, ndiyo niamue. Baina ya mume na mke siamui. Nitakueleza madirisha, mengine mtajuana wenyewe.

Siku ile mliponipeleka, nyinyi mlikuwa mnanionesha bahari na mimi nilikuwa natazama chini. Ilikuwa saa kumi na nusu. Jua lilikuwa limepita chini ya paa la baraza, limeingia hatua nne ndani, vigae vinachoma nyayo. Bahari yenu iko magharibi, basi mgeni huyo mtakuwa naye kila alasiri, mwaka hata mwaka. Paa la baraza linawafaa adhuhuri tu. Jua likishalala huingia kwa mlango wa mbele.

Sasa fikiri. Pazia linaning'inia ndani. Mpaka jua lifike kwenye pazia, limeshapita kioo, na joto lake limeshaingia nyumbani. Utakuwa umezuia mwanga, joto umelifungia ndani mnalo. Blaindi zako za alminiamu ni hivyo hivyo: zikishapata moto zinakuwa mfano wa chuma cha kukaangia, kimetundikwa dirishani. Jua huzuiwa likiwa bado liko nje. Ndiyo maana Sultani Seyyid Barghash alipojenga jumba la Beit al Ajaib mwaka 1883 aliizungushia roshani pana. Watu wanaona urembo, lakini kuta zile zilikuwa zinakaa kivulini.

Na upepo je? Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zinaingia kwenu kwa vyumba vya nyuma, na dirisha la baharini ndilo pa kutokea. Upepo usipopata pa kutokea hauingii. Sasa weka pazia zito pale, lifunge saa tisa kwa kuogopa jua, halafu uniambie mmelala vipi. Tena madirisha yenyewe ni ya kusukuma: upana ni sentimita 240, nusu tu ndiyo inayofunguka. Hiyo nusu mkiifunika na kitambaa, mmebaki na fukuto na feni.

Unaikumbuka nyumba ya bibi yako Kiponda, Mji Mkongwe? Ulikuwa mdogo, lakini madirisha yake unayajua, ulikuwa ukichungulia wauza kahawa. Yalikuwa marefu, karibu yafike sakafuni, na mbao zake zimekatwa sehemu mbili, juu na chini. Bibi akikaa kusuka ukili alifunga za chini na kuacha za juu. Joto hupanda, likatokea huko juu. Na zile luva, vibapa vya mbao vya dirishani, zimelala mshazari: upepo unapita, jua linateleza, yeye anaona njia nzima na njia haimuoni. Pazia pale lilikuwa moja tu, la mlangoni, la melimeli, na likipepea unajua kusi limeingia.

Sikwambii ukajenge nyumba ya Kiponda. Nakwambia pesa ya kwanza itumie nje. Mwambie seremala akutengenezee milango ya luva ya kukunja barazani, upande wa bahari. Ikiwa mfuko umeshachoka, na najua umechoka, tafuta mikeka ya mianzi inayoteremshwa kwa kamba. Iteremsheni saa nane, ipandisheni magharibi ikiingia, muone bahari yenu wakati inapopendeza. Chini ifungwe, la sivyo kusi la mwezi wa saba litaipigisha ukutani usiku kucha.

Hapo ndipo tuje kwenye vitambaa, na hapo mkeo ana haki zaidi yako. Blaindi sizitaki. Hewa ya bahari ina chumvi, vyuma vyake vidogo vidogo vinashika kutu, vumbi linakaa kwenye kila ubapa na hakuna atakayefuta. Na kamba zake zinazoning'inia ni hatari kwa mtoto. Zishawanyonga watoto wengi duniani. Mjukuu wangu kila kamba anaitia shingoni. Hilo peke yake lilitosha.

Chumbani kwenu mshonesheni hayo ya kijivu, mazito, na bitana, mradi yasiburure. Mchana yawe yamevutwa pembeni kabisa. Lakini bitana iwe ya pamba nyeupe, si ile ya mpira inayonata kwa joto. Itapokea jua, na kijivu hakitachuja. Na wakati wa masika myatikise na kuyaanika kila jua likitoka. Kitambaa kizito kikishakaa na unyevu kinapanda ukungu, harufu yake haitoki.

Sebuleni wekeni shea, kile kitambaa chembamba kinachopitisha mwanga, na pazia jepesi la pamba au kitani. Shea isiwadanganye. Mchana nje kuna mwanga kuliko ndani, basi unaona na huonekani. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka. Nilipoolewa tulihamia Michenzani, ghorofa ya tatu, nikatundika shea ya lasi nikijiona bibi harusi wa mfano. Wiki ya pili jirani wa jengo la mbele akanipongeza kwa kanga yangu mpya ambayo sijawahi kutoka nayo. Nilizima taa nikashona pazia la pili usiku ule ule, kwa mkono.

Vipimo. Fimbo isiishie kwenye dirisha, ipite sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo kibaki wazi chote. Kwenu itakuwa 280. Marinda yanataka upana mara mbili, yaani 560. Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kitataka vipande vinne. Kila kimoja 260 za kushuka na 25 za upindo wa juu na chini, jumla mita 11 na sentimita 40. Kile chenye upana wa 300 hulazwa ubavu, unanunua mita sita bila kuunga. Kwa hiyo mkenda Mchangani kununua kitambaa ulizeni upana kabla ya bei. Watu wanafurahia bei ya mita, wakifika kwangu wanalia.

Na pamba ilowekwe, ikaushwe, ndiyo ikatwe. Kuna mteja aliniharakisha Idi iko kesho kutwa, nikakata mbichi. Alipofua mara ya kwanza kikarudi kiganja kizima, mapazia yakawa kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Nilimshonea upya kwa hasara yangu. Pete msinunue za chuma, chukueni za mbao.

Jikoni msiweke kitu kwenye dirisha la jiko, moto hauna adabu. Chooni kioo cha ukungu kinatosha.

Rangi simuingilii mkamwana wangu. Ila mwambie ukuta wenu mweupe na bahari ile ya buluu, kijivu kwa sebule kitafanya nyumba ionekane kama imefiwa. La, usimwambie. Mwambie aje Jumamosi nimuoneshe vipande nilivyonavyo, atachagua mwenyewe.

Umeniletea urefu wa upande mmoja tu. Pima toka fimbo mpaka chini pembe zote mbili, kulia na kushoto. Mafundi wenu sakafu hawakuilaza sawa. Siku ile mjukuu wangu aliangusha gololi sebuleni, ikaondoka peke yake kuelekea baharini.

Mamako