Jibu: Mdogo wangu anakimbiza sana bodaboda, nimwambieje?

Mkuu, umesema mdogo wako huko Mbagala anaendesha kwa fujo na ukimwonya anajibu kwamba breki zake ni nzima. Basi zungumza naye kuhusu hizo hizo breki. Akiwa spidi 60, kila sekunde anakata karibu mita 17. Mpaka aone daladala imesimama ghafla na mkono ushike breki, sekunde nzima inaweza kuwa imeshapita, na pikipiki haijaanza hata kupunguza mwendo. Akiongeza spidi maradufu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa mara nne, si mara mbili. Na hapo ni lami kavu. Kukiwa na mvua au mchanga ule wa pembeni ni balaa. Vijana wengi pia hukanyaga ya nyuma tu, wakati uzito unahamia mbele na breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Akafanye mazoezi uwanjani, taratibu, azitumie zote mbili.

Kofia avae na afunge mkanda wa kidevuni, maana isiyofungwa inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Abiria naye apewe ya kwake. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, akatae, hata wakiongeza hela.

Halafu muulize hesabu ya bosi, yaani hela anayompelekea mwenye pikipiki, ni shilingi ngapi kwa siku. Wengi wanakimbizwa na hiyo. Kama ni kubwa mno, nenda naye kwa mwenye pikipiki mkaongee ipunguzwe.