Mvua ya Igombe na mvua ya Kayenze

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unasema mkopo wa kikundi utauingiza kwenye dagaa, nusu uanike Igombe na nusu Kayenze. Kwa kuwa kwenye kila mwalo, pale ufukweni mnaposhushia na kuanika dagaa, mzigo huharibika mara 1 katika 5, kuharibika kote kwa pamoja ni 1/5 mara 1/5, yaani 1/25. Unaniuliza kama umezidisha sawasawa.

Umezidisha sawasawa. Nilikufundisha mwenyewe kwenye ile meza yetu ya Pasiansi yenye mguu wa tofali, ungekosea aibu ingekuwa yangu. Ila kabla ya kuzidisha, uliuliza kama mambo hayo yanajuana?

Najua, utasema baba ameanza. Mwache aanze.

Mwaka ule mama yako alipoacha vitenge akaingia kwenye dagaa ulikuwa darasa la pili. Alipopokea hela ya mchezo akaniuliza hilo hilo unaloniuliza wewe. Nikatoa chaki mfukoni, nikaandika kwenye mlango wa jikoni: 1/5 × 1/5 = 1/25. Nikapiga mistari miwili chini yake kama ubaoni. Yeye alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Mwalimu, mvua ikinyesha Igombe, Kayenze kutakuwa na jua?"

Nikamjibu kitu kuhusu wastani. Sitakiandika hapa.

Siku ya tatu, saa nane mchana, wingu likaja kutoka ziwani. Mimi na mama yako tulikuwa Igombe tunavuta turubai, wewe umeshika ncha unalia kwa sababu ndala moja imezama mchangani. Tukiwa bado tunahangaika, akafika kijana aliyekuwa anatulindia mzigo wa Kayenze, kwa baiskeli, ameloa chapachapa. Hakusema neno. Alisimama tu akatuangalia tunavyovuta. Dagaa wakilowa kabla hawajakauka unawajua: vichwa vinakatika, wanapoteza ile rangi ya fedha, na harufu yake inakufuata mpaka kwenye foronya. Mizigo yote miwili ilienda kwa bei ya chakula cha kuku.

Chaki ile ilikaa mlangoni mwezi mzima. Mama yako hakuifuta. Akipita na sufuria alisukuma mlango kwa kiwiko, pembeni kabisa, asije akaigusa. Afadhali angenisema.

Baadaye niliomba daftari lake. Kati ya mara 20 alizoanika, Igombe waliharibika mara 4, Kayenze mara 4. Hapo hesabu yangu bado ilikuwa inapumua. Lakini zile mara 4 za Igombe, 3 kati yake Kayenze nako kulilowa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo unachukua 4/20, kisha unauliza: Igombe wakishaharibika, Kayenze wana hali gani? Jibu ni 3/4, si 1/5. Zidisha upate 3/20. Kwa hesabu ya mlangoni nilitegemea balaa la pamoja lisifike hata mara moja katika mara hizo 20. Lilikuja mara tatu.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nalifundisha kidato cha nne! Gololi 5 mfukoni, 2 zimepasuka. Ukitoa moja bila kuirudisha, ya pili inajua ya kwanza ilikuwa ipi: uwezekano wa kutoa mbili zilizopasuka ni 2/5 mara 1/4, yaani 1/10. Ukiirudisha ni 4/25. Nilizichezea gololi miaka yote ile, mwalo uko kilomita chache tu kutoka kwangu, nisiunganishe.

Lakini hebu ona, hapo kwenye gololi kujuana kumepunguza balaa, hakujaongeza. Kwa hiyo siwezi kusema kujuana ni kubaya. Mvua hiyo hiyo ikiharibu dagaa wa mwaloni, mwenye magunia makavu stoo anapandisha bei. Mvua moja, mmoja analia mwingine anahesabu noti. Mama yako aliligundua hilo kabla yangu, ndiyo maana alikuja kupanga kile chumba cha Kirumba. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya wale panya uliokuwa unawaogopa.

Tena ongeza mwezi. Wakati wa mbalamwezi taa haziwavuti dagaa, wavuvi wanapumzika, na mbalamwezi ya Igombe ndiyo ya Kayenze. Hata bila mvua, mialo yako miwili inakosa dagaa siku zilezile. Uliza kama yanajuana, Kabula. Uliza hilo kwanza.

Kuhusu kukopa au kutokukopa, mama yako amenikataza kukuambia. Anasema wewe ni mtu mzima, na mimi rekodi yangu iko mlangoni. Basi sisemi. Ningekuwa mimi, ile nusu ya pili ningeiweka... hapana, nimeahidi.

Daftari nimelifunga kwenye gazeti, litakuja na basi la Jumatano. Kurasa za katikati zimegandana tangu siku ile ya turubai. Usizivute kwa nguvu, tumia kisu cha mezani.

Baba yako