Warsha ya umeme kwa wasichana: kila mmoja ashike chuma mwenyewe

Warsha nyingi za teknolojia kwa wasichana huishia kwenye hotuba, fulana na picha ya pamoja. Ukiandaa ya kwako, pengine kwa Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, Alhamisi ya nne ya Aprili, lenga jambo moja: kila binti aondoke na taa aliyoilehemu mwenyewe.

Taa hiyo inahitaji LED (kitaa kidogo cha kielektroniki) moja nyeupe, rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 470, swichi, klipu ya betri ya volti 9 na kibao chenye matundu. Vyote hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Kwa wasichana 20 nunua LED 30, rezista 25, vyuma vya kulehemu 12 na waya wa lehemu wa milimita 0.8. Waya wa ekstensheni unaozungushwa kwenye gurudumu ukunjuliwe wote, kwani ukiachwa umejikunja hupata moto.

Wakae wawili kwa chuma kimoja cha kulehemu. Wakiwa watano, mmoja atafanya kazi na wanne watatazama. Mwezeshaji naye asimpokonye mtu chuma hata akichelewa. Aelekeze kwa maneno. Tafuta wawezeshaji wa kike kutoka VETA (mamlaka ya ufundi stadi Tanzania) au chuo cha ufundi kilicho karibu.

Kabla ya kuwasha chochote, wapige hesabu. Betri ni volti 9, LED inachukua kama 3, zinabaki 6. Gawanya kwa omu 470, unapata mkondo wa kama ampia 0.013, yaani miliampia 13. LED ya kawaida huvumilia 20. Hapo sheria ya Ohm waliyoisoma darasani inapata kazi.

Nywele ndefu zifungwe nyuma, ncha za hijabu zichomekwe, miwani ya kinga ivaliwe, dirisha liwe wazi. Ncha ya chuma ipakwe lehemu kidogo kwanza. Iguse shaba ya kibao na mguu wa LED kwa pamoja, sekunde mbili hivi, ndipo waya wa lehemu uguse maungio yenyewe. Ukiyeyushia kwenye ncha, lehemu hukaa juu kama kidonge bila kushika. Ondoa waya kwanza, kisha chuma. Lehemu nyingi za madukani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo chai na maandazi visifike mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Tenga saa nzima ya kutafuta hitilafu, usiipunguze hata muda ukibana, kwa sababu hapa ndipo uhandisi ulipo. Taa ikigoma, wapime volti kwa mita ya umeme (multimita), swichi ikiwa imewashwa. Volti 9 kwenye LED: imegeuzwa, mguu mrefu uende chanya, au imekufa. Sifuri kwenye LED na 9 kwenye rezista: lehemu imeunganisha miguu ya LED. Sifuri kote: maungio hayajashika, au betri imekwisha. Ikiwaka kwa unyonge, soma rangi za mistari ya rezista: njano, zambarau, kahawia ni 470, ya tatu ikiwa machungwa, hiyo ni 47,000.

Waya wa klipu hukatikia kwenye maungio. Upitishwe kwanza kwenye tundu la pembeni, ndipo ulehemiwe.

Wakati wa kuondoka, betri itolewe kwenye klipu na vichwa vyake vifunikwe kwa selotepu. Viko upande mmoja, na sarafu au funguo ikivigusa vyote ndani ya begi, betri huchemka.