"Modeli rahisi" au "modeli iliyorahisishwa"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea uhandisi wa umeme hapa Mombasa, na naandika ripoti kwa Kiswahili kuhusu inveta za sola, yaani vifaa vinavyougeuza umeme wa sola uwe wa aina inayotumika kwenye gridi na kuuingiza humo. Niliandika: "Tumetumia mfano rahisi wa wastani wa inveta." Mwenzangu akacheka, ati nimeiponda kazi yangu mwenyewe. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Kisauni)

Jibu: Marahaba. Mwenzako ana haki ya kucheka. Hiyo sentensi yasomeka kama uliokota inveta ya bei ya chini, ubora wa katikati, ukatuletea iwe mfano.

Neno "rahisi" asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni bei ndogo. Ukisikia Kongowea kwamba nyanya leo ni rahisi, hufikirii mtihani. Kwa kitu kisicho kigumu, sisi wa pwani tuna "sahali", na washairi wetu hawajaliacha. Lakini vitabu vya hesabu vimeshazoea "rahisisha", basi na libaki. Ulichokosa wewe ni kauli ya kutendwa. "Modeli rahisi" (neno lako "mfano" nitaligusa baadaye) huenda ilizaliwa hivyo. "Modeli iliyorahisishwa" yasema kulikuwa na nzito kabla yake, na kuna kitu kimeondolewa kwa makusudi.

Msomaji atauliza ni kitu gani, nawe umjibu papo hapo. Swichi za ndani ya inveta hufunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, ilhali umeme wa gridi ya Kenya huenda mizunguko 50 tu kwa sekunde. Kompyuta ikifuata kila mkatiko wa swichi katika gridi yenye inveta nyingi, utakunywa kahawa mpaka birika likauke. Kwa hiyo mnachukua wastani wa volteji katika kila mzunguko wa swichi, mnaiacha mikatiko yenyewe. Mfumo wa udhibiti unabaki. Viwimbi vya swichi, yaani mitikisiko midogo ya umeme inayoletwa na mikatiko hiyo, vinapotea. Anayechunguza viwimbi hivyo, modeli hii haimfai, na ripoti iseme hivyo.

Sasa "wastani". Mwanafunzi wa wastani hasifiwi, na "modeli ya wastani" husikika vivyo hivyo. Sema "modeli ya thamani za wastani". Ni refu, najua.

"Mfano" uache, kwa kuwa "mfano wa inveta" ni inveta mojawapo. "Kielelezo" lingefaa, ila ripoti yako nadhani imejaa Kielelezo 1, Kielelezo 2 chini ya michoro. Chukua "modeli", ngeli ya I-ZI: modeli hii, modeli hizi. Na inveta iache ilivyo. Fundi wa Mwembe Tayari ukimwambia "kigeuzi" atakuuliza wataka nini hasa.

Andika: "Tumetumia modeli iliyorahisishwa ya inveta, ambamo mikatiko ya swichi imewakilishwa na thamani za wastani za volteji." Mwenzako akicheka tena, ana lake jambo.